Neno "peer" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeishi kwa kazi ya kutafsiri miaka mingi: vitabu vya mafunzo ya afya, hati za mahakama, miongozo ya vyuo. Katika kazi zote hizo kuna neno dogo la Kiingereza linalonirudia, na kila likija linadai tafsiri nyingine. Wanafunzi na wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza habari zake. Nimeyakusanya hapa maswali yao pamoja na majibu.

Linatamkwaje, na lina maana gani hasa?

Linatamkwa karibu sawa na "pia" yetu, ile ya "na mimi pia". Maana yake ya msingi ni mtu aliye sawa na wewe: aliyelingana nawe kwa cheo, umri, taaluma au uwezo. Lipo neno jingine linaloandikwa na kutamkwa vivyo hivyo lenye maana ya kukaza macho au kuchungulia. Hayo mawili hayana undugu. Niliwahi kuletewa tafsiri ya mashine niisahihishe, na ndani yake wasomi wanaohakiki makala za wenzao walikuwa wamegeuzwa "wachunguliaji" ukurasa baada ya ukurasa.

Lilitoka wapi?

Mzizi wake ni Kilatini, "par", yaani sawa. Kifaransa cha kale kililifanya "per", na Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na lugha yao. Kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa kilikuwa ndicho lugha ya ikulu na mahakama za Uingereza, na maneno ya sheria na vyeo yakaingia Kiingereza kwa mlango huo. Ndugu zake wa tumbo moja utawatambua: "pair" ni jozi, "compare" ni kulinganisha, na "par" ya wacheza gofu ni idadi ya mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari.

Kama maana yake ni "sawa", imekuwaje waitwe hivyo malodi, watu waliojiweka juu ya wengine wote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine, na ndilo kiini cha historia yote ya neno hili.

Katika mfumo wa ukabaila, mtu aliyepewa ardhi na mfalme alikuwa chini ya mfalme, lakini alikuwa sawa na wengine waliopewa ardhi na mfalme huyohuyo. Hao ndio waliokuwa "pares" wake. Ufaransa ya karne ya 13 ilikuwa na kundi la watu 12 wenye jina hilo: viongozi 6 wa kanisa, akiwemo askofu mkuu wa Reims, na watawala 6 wa majimbo makubwa, kama duke wa Burgundy na "count" wa Flanders. Walikuwa sawa wao kwa wao. Mkulima wa Burgundy hakuwemo katika usawa huo, wala hakuna aliyefikiri awemo.

Uingereza ilikwenda njia hiyohiyo. Wakubwa walioitwa bungeni na mfalme kwa barua maalumu, kila mtu kwa jina lake, wakawa ndio "peers" wa nchi, na hatimaye neno likawa jina la tabaka lenyewe. Ajabu ni kwamba hata ndani ya tabaka hilo kuna madaraja matano, kuanzia duke aliye juu hadi baroni aliye chini. Wanapishana kwa heshima, kwa mavazi na kwa nani atangulie kupita mlangoni, lakini mbele ya sheria wote ni "peers".

Kwa hiyo neno halikupindika kama wengi wanavyodhani. Tangu mwanzo lilikuwa na usawa ndani na ua kuzunguka nje. Waingereza waliokuwa nje ya ua waliutazama ukuta tu, ndiyo maana masikioni mwao neno la "sawa" likageuka kuwa neno la "mkubwa".

Je, Magna Carta ndiyo iliyompa kila mtu haki ya kuhukumiwa na watu walio sawa naye?

Hivyo ndivyo inavyosemwa, lakini ukiisoma hati yenyewe utaona jambo finyu zaidi. Magna Carta ilipigwa muhuri Juni 1215 katika uwanda wa Runnymede, baada ya mabaroni kumwasi Mfalme John. Kifungu cha 39 kinasema mtu huru hatakamatwa wala kunyang'anywa mali isipokuwa kwa hukumu ya kisheria ya walio sawa naye, au kwa sheria ya nchi. Kifungu cha 21 kinataja wazi kwamba maeli (malodi wa daraja la tatu) na mabaroni watatozwa faini na walio sawa nao tu. Mabaroni walitaka wahukumiwe na mabaroni wenzao, wasiachwe mikononi mwa watumishi wa mfalme.

Na tazama yale maneno "mtu huru". Sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza wakati ule hawakuwa watu huru kisheria, walifungwa kwenye ardhi ya bwana wao. Isitoshe, hati iliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo neno "peer" lenyewe halimo. Lililomo ni "parium". Juri tunayoiona kwenye filamu, ile ya raia 12 wanaotoa uamuzi, ilikua polepole miaka iliyofuata, hasa baada ya kanisa kuwakataza makasisi, mwaka huohuo wa 1215, kushiriki katika hukumu za kumpima mtu kwa moto na maji. Vizazi vya baadaye ndivyo vilivyokisoma kifungu cha 39 kana kwamba kilikuwa kinamsemea kila mtu. Binafsi nafurahi kwamba walikisoma hivyo.

Malodi walihukumiana kweli?

Ndiyo, na walifanya hivyo hadi karne ya 20. Lodi aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai hakupelekwa kwa juri ya wananchi, alihukumiwa na malodi wenzake. Kesi ya mwisho ilikuwa Desemba 1935. Lord de Clifford, baroni wa 26, aliligonga gari jingine usiku na dereva wake akafa. Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Malodi walikusanyika na majoho yao, wakaitwa mmoja mmoja kuanzia baroni wa chini kabisa, na kila mmoja akaweka mkono wa kulia kifuani na kutoa uamuzi wake kwa heshima yake, bila kula kiapo. Wakamwachia. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria mwaka 1948.

Na katika Afrika Mashariki ya wakoloni, nani alihukumiwa na walio sawa naye?

Kenya ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Malodi wenyewe walikuwepo: Lord Delamere, baroni wa tatu, alikuwa kinara wa walowezi hadi alipofariki mwaka 1931, na barabara ya Nairobi inayoitwa leo Kenyatta Avenue iliitwa kwa jina lake.

Januari 1941, Lord Erroll, eli wa 22, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, upande wa Karen. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake alikuwa na uhusiano na marehemu. Kesi ilisikilizwa Nairobi mbele ya jaji na juri ya watu 12, wote Wazungu, na tarehe 1 Julai 1941 mshtakiwa akaachiwa. Chini ya sheria za koloni lile, juri ilikuwa haki ya Mzungu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji katika mji huohuo alisimama mbele ya jaji Mzungu akisaidiwa na wazee wa baraza. Wazee hao walitoa maoni yao, lakini jaji hakulazimika kuyafuata.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1956, Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri namna hiyohiyo: jaji mkuu wa koloni, Kenneth O'Connor, na wazee watatu wa Kiafrika pembeni yake. Alinyongwa Februari 1957.

Mtafsiri akikuta "jury of his peers" katika kitabu cha historia ya Kenya, asikimbilie kuandika "juri ya wenzake" na kuendelea na safari. Nchini Kenya maneno hayo yalikuwa na rangi ya ngozi.

Kila mwenye "Sir" mbele ya jina lake ni "peer"?

Hapana. Broughton tuliyemtaja alikuwa "Sir" wa kurithi na bado hakuwa "peer". Tafsiri nyingi za magazeti huwachanganya hawa.

Wanawake walikuwa "peers"?

Kwa jina, ndiyo. Kwa kiti, hapana. Baadhi ya vyeo vilirithiwa na wanawake, lakini hawakuruhusiwa kuingia Bunge la Malodi. Viscountess Rhondda alirithi cheo cha baba yake na mwaka 1922 aliomba aitwe bungeni. Ombi lake lilikataliwa, na hakuacha kupigania haki hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1958, mwaka aliofariki, ilipitishwa sheria ya malodi wa maisha, wasiorithisha cheo, na humo wanawake wakakubaliwa. Waliorithi vyeo kama yeye walisubiri hadi 1963. Ni zaidi ya miaka 40 ya kumwambia mtu kwamba yu sawa na wenzake, ila asikae nao.

Inawezekana kulikataa jina hilo?

Tangu 1963, ndiyo. Tony Benn alikuwa mbunge wa kuchaguliwa, baba yake alipofariki mwaka 1960 akajikuta amekuwa lodi bila kupenda na kupoteza kiti chake. Wapiga kura wa Bristol wakamchagua tena mwaka 1961, na bado akazuiwa. Alipambana hadi sheria ikabadilishwa, naye akawa wa kwanza kukivua cheo chake.

Wapo malodi wenye asili ya kwetu?

Wapo wa kuteuliwa, baadhi yao kutoka familia za Waasia wa Uganda. Shriti Vadera, aliyezaliwa Uganda, aliingia mwaka 2007, na Dolar Popat, naye mzaliwa wa Uganda, mwaka 2010. Wale wa kurithi walipunguzwa sana na sheria ya 1999: zaidi ya 600 waliondoka, wakabaki 92.

Kuna maneno mengine ya Kiingereza yaliyozaliwa na mzizi huu ambayo hatuyadhanii?

Mawili nayapenda mno.

La kwanza ni "umpire", mwamuzi wa kriketi au tenisi. Lilianza kama "noumper", yaani asiye sawa, asiye na jozi: mtu wa tatu anayeitwa pale wawili waliolingana wanaposhindwa kuafikiana. Waingereza walipolitamka haraka, ile "n" ya mwanzo ikahamia kwenye neno linalotangulia na haikurudi.

La pili ni "disparage". Leo maana yake ni kumbeza mtu, kumshushia hadhi kwa maneno. Asili yake ni ndoa. Lilimaanisha kumwoza mtu kwa asiye wa daraja lake. Magna Carta yenyewe, kifungu cha 6, inasema warithi wataozwa bila kufanyiwa hivyo, kwa sababu mfalme alikuwa na mazoea ya kuwauza warithi yatima kwa wachumba waliompa fedha.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshatabasamu, maana sisi tunalo neno la jambo hili hasa: kufu. Marehemu bibi yangu, Tanga, alikuwa akiletewa posa ya mjukuu huuliza mambo mawili, dini ya kijana na "je, ni kufu yetu?" Neno limetoka Kiarabu, na katika fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani yetu mlingano wa mume na mke ni mlango wenye masharti yake: dini, nasaba, kazi. Neno hilohilo limo katika sura ya 112 ya Qurani, Suratul Ikhlas, pale inaposemwa kwamba Mwenyezi Mungu hana wa kulingana naye hata mmoja. Mzizi mmoja unatajwa katika sala kila siku na unatajwa kwenye mkeka wa posa. Kufu ndilo neno letu lililokaribiana zaidi na "peer" ya zamani, kwa sababu nalo lina usawa ndani na ua nje.

Neno lilitokaje kwa malodi likafika kwa watoto wa shule?

Maana ya "aliye sawa" haikufa kamwe, ilikuwa imefunikwa tu. Katikati ya karne ya 20 wanasosholojia wa Marekani walianza kuandika kuhusu "peer group", kundi la watoto au vijana wa umri mmoja wanaofundishana namna ya kuishi, na baadaye ikaja "peer pressure", shinikizo la rika. Walimu, wazazi na wauguzi wakalichukua.

Hapa Kiswahili hakikuhitaji kuazima. Rika lilikuwepo, na hirimu pia, ambalo wazee wa pwani bado wanalo midomoni. Kwa Wakikuyu riika ni taasisi nzima: waliotahiriwa pamoja hubeba jina moja maisha yao yote. Kampeni za UKIMWI zilipohitaji vijana wafundishwe na vijana, tukapata "mwelimishaji rika", na neno likashika mara moja, Tanzania na Kenya.

"Peer review" ni nini, na ni ya zamani kiasi gani?

Ni utaratibu wa makala ya kitaalamu kupitiwa na wataalamu wengine wa fani hiyo kabla ya kuchapishwa. Wengi hudhani ni kongwe kama sayansi yenyewe. Jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, lilianza mwaka 1665, na mhariri wake Henry Oldenburg kwa kiasi kikubwa aliamua mwenyewe; kamati ya kupitia makala iliundwa 1752. Karne mbili na nusu baada ya Oldenburg, jambo lilikuwa bado halijawa kanuni ya kila mahali. Mwaka 1936 Albert Einstein alipeleka makala kuhusu mawimbi ya mvutano kwa jarida moja la Marekani, mhariri akaituma kwa mhakiki, na Einstein akakasirika kwamba imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapishwa. Akaiondoa. Mhakiki alikuwa ameona kosa la kweli, na makala ilipotoka kwingine ilikuwa imerekebishwa. Jarida la Nature lilifanya uhakiki wa nje kuwa lazima mwaka 1973 tu. Makala ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haikupitia huko.

Kwa tafsiri, naomba tuache "mapitio rika". Profesa wa miaka 70 na mhadhiri wa miaka 35 si rika. "Uhakiki wa wanataaluma wenzake" ni ndefu, lakini ni kweli.

Na kwenye kompyuta?

Mtandao ambao kila kompyuta inatoa na kupokea bila kuwepo bwana mkubwa katikati huitwa "peer-to-peer". Napster iliufanya ujulikane mwaka 1999, watu wakibadilishana muziki. Mwaka 2008 waraka wa bitcoin uliliweka neno hilo kwenye kichwa chake cha habari.

Kuna matumizi mengine ambayo hayasemwi sana ingawa yanatugusa kila siku. Kampuni mbili za intaneti zinapokubali kupitishiana mawasiliano moja kwa moja, kwa kawaida bila kulipana, huitana "peers". Ndogo ikitaka kupita kwa kubwa, inalipa. Mwaka 2000 kampuni za Kenya zilifungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano Nairobi, kwa sababu hadi wakati huo barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, ikiwa kampuni ni tofauti, ilizunguka kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, na kila hatua ikilipiwa kwa fedha za kigeni. Kituo kilifungwa na msimamizi wa mawasiliano muda mfupi baada ya kuanza, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam nayo ikapata chake.

APRM inaingia wapi?

Jina lake kamili ni "African Peer Review Mechanism", na herufi ya pili, P, ni neno letu. Ni mpango wa nchi za Afrika kukaguana kiutawala, ulioanzishwa 2003. Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukaguliwa. Tanzania huuita Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora. Naona tafsiri hii imepoteza kitu: "kujitathmini" ni mtu na nafsi yake, ilhali wazo lilikuwa marais watazamane usoni. "Kutathminiana" ingetosha.

Basi nikilikuta, nitafsiri vipi?

Jiulize kwanza: sawa kwa lipi? Kiingereza kinakuruhusu usijibu, Kiswahili hakikuruhusu. Ikiwa ni umri, rika au hirimu. Ikiwa ni hadhi ya ndoa, kufu. Ikiwa ni kazi, mwenzake wa kazi. Ikiwa ni cheo cha Uingereza, lodi, na usijaribu mwinyi wala kabaila: mwinyi ni mtu wa pwani yetu mwenye historia yake, na kabaila tangu Azimio la Arusha la 1967 ni neno la lawama.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa kukosea. Nilitafsiri kijitabu cha mafunzo ya wauguzi, na kila palipokuwa na neno hili niliandika "rika". Siku ya semina, Korogwe, nikiwa nimekaa nyuma nisikilize kinavyopokelewa, zoezi la kwanza lilisema: "Mweleze mwanarika wako kosa uliloliona." Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, akatazama mabinti waliomzunguka, kisha akageuka kwangu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika hiki?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa humu ndani mwanarika wangu ni nani? Hawa wote nimewazalisha mama zao."

Akachukua kalamu, akalikata neno, akaandika juu yake "muuguzi mwenzako", akampa binti wa jirani kijitabu anakili. Toleo la pili lilichapwa hivyo.